Chumba Kisicho na Dirisha

Wahenga walisema upesi, wakaenda zao:
dawa ya jino ni kung'oa.
Siwalaumu. Hawakuwa na darubini,
wala hawakumwona Nabintu
akipanda vidato vya udongo vya Kadutu alfajiri,
shavu limefungwa kwa kitenge,
mikono bado myeusi kwa makala aliyopakua usiku.

Siku tisa hakulala.
Alikwisha kusukutua chumvi, alikwisha kubana karafuu,
alikwisha kutia hata tone la maji ya betri,
jirani alimwapia kwamba linaua mdudu.

Hapakuwa na mdudu.
Ndani ya jino mna chumba,
kuta zake ngumu kupita mfupa,
na humo anaishi mpangaji laini, mwekundu.
Kidole kikiumia huvimba, kikapata nafasi.
Mpangaji huyu akivimba, avimbie wapi?
Sisi wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa:
tumejenga nyumba juu ya bega la nyumba,
mvua ikija, kila ukuta unamsikia jirani yake.

Tuling'oa.
Alifungua pindo, akahesabu franka, hazikutimia,
Daktari Zihindula akajifanya hajui hesabu.
Kisha akamwomba jino lenyewe.
"Ya nini? Munataka kuniloga?"
"Tunataka kulisoma."
Akalitazama kwenye bakuli, lina damu, lina shimo.
"Basi mulisomeshe. Miye sikusoma."

Tulilipasua kama karanga,
tukatoa uzi mfupi kuliko punje ya mchele,
tukaulaza kwenye kisahani, katika joto la mwili.
Chembe zikashika. Zikatambaa. Zikazaana.
Umeme wa mji huu haujui nani anautegemea:
visahani vinne vilikufa Jumanne.
Katika vile vilivyobaki
tuliuwasha uvimbe upya, kwa makusudi,
kisha tukatonesha manjano.

Manjano haya haya ya mchuzini,
vizizi vya soko la Nyawera,
vya mama mmoja aliyekataa katakata kushusha bei.
Tukavisaga, tukavichuja kwa spiriti, tukakausha,
likabaki vumbi la rangi ya bidoni la maji.
Wiki mbili vidole vyangu havikutakata.
Kanisani wakaniuliza napika harusi ya nani.

Vumbi lenyewe lina kiburi:
halitaki maji, jua hulifubaza,
ukizidisha kidogo linaua ulichotaka kuponya.
Mara sita tulitupa kila kitu.
Mara ya saba, chembe zilizokuwa zikipiga yowe
zilishusha sauti.
Sikusema zilinyamaza. Zilishusha sauti,
kama wagombanao wanapokumbuka mtoto amelala.

Daktari aliandika namba, akaifuta,
akaiandika tena, ndogo zaidi.
"Kisahani si kinywa," akasema,
lakini nilimwona akisimama mlangoni
muda mrefu kuliko inavyohitaji kufunga mlango.

Jana nilikwenda kununua makala.
Nabintu alikuwa akitafuna muhogo kwa upande wa kushoto tu.
"Docta," (mimi si daktari, nimechoka kumkosoa)
"ile jino yangu iko namna gani?"
"Iko muzima. Iko inakula kuliko mimi.
Inaogopa tu baridi, umeme ukikatika."

Alicheka mpaka pengo likaonekana lote.
Akanipimia kopo langu, akalisawazisha kwa kiganja,
asizidishe hata chengachenga, biashara ni biashara.
Kisha akainama, akachagua vipande viwili vikubwa,
akaviweka juu, kando kidogo na vyangu.
"Hii," akasema, "ni yake."